Bandu bandu huisha gogo: hesabu ya kahawa ya kazini kwenye pwani ya Cabo Delgado

KATIKA Kireno cha Msumbiji, kifungua kinywa huitwa mata-bicho, maana yake ni "kuua mdudu". Mdudu mwenyewe ni njaa ya asubuhi, na kwa wafanyakazi wengi wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado dawa yake ni kipande cha mkate na kikombe cha kitu cha moto. Lililobaki ni swali moja tu: kikombe hicho kinunuliwe kwenye kibanda cha barabarani, au kipikwe hapo hapo kazini?

Mtu asiyeijua pwani hii anaweza kuliona swali hilo kuwa dogo mno. Lakini kuanzia Quionga, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, kupitia Palma na Mocímboa da Praia mpaka visiwa vya Kirimba, watu wengi wanaanza maisha upya. Mashambulizi yalianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Mwezi Agosti 2020 mji huo ulitekwa, na ukakombolewa mwaka mmoja baadaye. Palma ilivamiwa tarehe 24 Machi 2021, na kazi za mradi mkubwa wa gesi wa Afungi zikasimama. Katikati ya hayo, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hii na kuezua nyumba nyingi kisiwani Ibo. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2022, idadi ya waliokuwa wameyahama makazi yao katika mapigano hayo ilikuwa imepita milioni moja.

Waliorudi wamerudi na mikono yao. Fundi cherehani anahitaji mashine, mvuvi anahitaji nyavu, mwalimu na karani wanaezeka upya nyumba kutoka katika mshahara uleule. Katika hali hiyo, kila senti inayotoka mfukoni kila siku ina jina lake: ni bati, ni daftari la mtoto, ni nauli. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Kikombe cha kahawa ni bandu moja.

Hesabu ya kikombe

Bei ya kikombe hutofautiana kutoka kibanda hadi kibanda na kutoka mji hadi mji, hivyo njia iliyo salama ni kuhesabu vikombe kwanza, kisha kila msomaji aweke bei ya kwao, iwe ni metikali, shilingi au faranga.

Tuseme mfanyakazi anakunywa vikombe viwili kwa siku, siku sita kwa wiki. Kwa wiki nne ni vikombe 48. Akifanya kazi wiki 48 kwa mwaka, amekunywa vikombe 576. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya kikombe kimoja, na kwa wengi jibu litakuwa kubwa kuliko walivyodhani, kwa sababu hakuna anayelipia kahawa ya mwaka kwa mkupuo mmoja. Inalipwa kwa sarafu, na sarafu haziumi.

Sasa upande wa pili. Kikombe cha mililita 150 cha kahawa ya kusaga kinahitaji kati ya gramu 8 na 10 za unga. Pakiti ya gramu 250 basi inatoa vikombe 25 hata kwa anayependa kahawa nzito. Kahawa ya kopo inayoyeyuka majini inahitaji gramu 2 hivi kwa kikombe, kwa hiyo kopo la gramu 100 ni vikombe 50. Kwa maneno mengine, yule wa vikombe 48 kwa mwezi anahitaji ama pakiti mbili za kahawa ya kusaga, ama kopo moja la gramu 100. Makopo kumi na mawili yanamtosha mwaka mzima.

Ni vyema kutojidanganya hapa, kwa kuwa kahawa si unga peke yake. Sukari ya vijiko viwili vya chai kwa kila kikombe inakaribia nusu kilo kwa mwezi. Kuna mkaa au kuni, kuna maji, na kuna chupa ya chai ya kuhifadhi joto ambayo siku moja itadondoka na kuvunjika. Anayepika kikombe kimoja kimoja kwa ajili yake mwenyewe, akiwasha mkaa mpya kila mara, anaweza kujikuta ameokoa kidogo sana. Faida halisi inakuja pale watu wanapopika pamoja.

Chukua mfano wa ofisi, karakana au shule yenye watu wanane. Vikombe viwili kwa kila mtu ni vikombe 16, yaani chini kidogo ya lita mbili na nusu. Hiyo ni sufuria moja inayochemshwa mara moja asubuhi na kugawanywa katika chupa mbili. Mkaa ni ule ule ambao ungetumika kwa watu wawili. Hapa ndipo utaratibu wa upatu, ambao Msumbiji unajulikana zaidi kwa jina la xitique, unapofaa: kila mwezi mtu mmoja ananunua kahawa, mwingine sukari, mwingine mkaa, na zamu inazunguka. Mambo mawili ndiyo huvunja vikundi vya namna hii, nayo ni mtu anayekunywa bila kuchangia na mtu anayeosha vyombo peke yake kila siku. Yote mawili yapangwe siku ya kwanza, kabla ya maji kuchemka.

Kahawa ipi?

Kwenye rafu za maduka ya Msumbiji zinapatikana kahawa za kopo za kutoka Afrika Kusini, zikiwemo zile zilizochanganywa na chikori. Chikori ni mzizi unaokaangwa na kusagwa. Una uchungu na rangi ya kahawa lakini hauna kafeini. Mchanganyiko huo una bei nafuu, na wako wanaoupenda kwa ladha yake. Anayetafuta usingizi uondoke kabla ya zamu ya usiku anapaswa kusoma maandishi ya kopo, kwa sababu sehemu ya alichonunua si kahawa.

Kutoka ng'ambo ya Ruvuma kuna Africafé, kahawa ya kuyeyuka inayotengenezwa Bukoba, mkoani Kagera, na kiwanda cha TANICA. Inauzwa katika makopo na pia katika pakiti ndogo ndogo. Pakiti ndogo ni rahisi kwa asiye na fedha za kopo zima, lakini gramu kwa gramu kwa kawaida ndiyo njia ghali ya kununua kahawa. Ni hesabu ile ile ya kikombe cha kibandani, imebadili vazi tu: maskini hulipa zaidi kwa kununua kidogo kidogo.

Kisha kuna buni, yaani kahawa isiyokaangwa. Kusini mwa Tanzania, nyanda za juu za Mbinga mkoani Ruvuma zinalima arabika, na mkoa huo unapakana na Msumbiji. Buni ikikaangwa hupoteza karibu sehemu moja ya tano au ya sita ya uzito wake, hivyo kilo moja mbichi huacha gramu 800 na zaidi, ambazo ni vikombe 80 au zaidi. Kwa mwenye kikaango, kinu na mchi, mara nyingi hii ndiyo kahawa ya bei ya chini kuliko zote. Jasho ndilo linalofidia fedha.

Mbuni wa uani

Wapo pia wanaoweza kupata kahawa bila kwenda dukani kabisa. Kisiwani Ibo mibuni huota nyuani mwa nyumba na kwenye mashamba yaliyozungukwa na kuta za mawe za zamani. Si arabika wala robusta. Ni jamii za mbuni za pwani hii ya Afrika, ambazo padri na mtaalamu wa mimea João de Loureiro aliziandika katika kitabu chake cha mwaka 1790: moja aliipa jina la Coffea racemosa, nyingine Coffea zanguebariae, jina linalotokana na pwani ya Zanguebar. Kahawa ya Ibo imetajwa kwa majina yote mawili katika maandishi mbalimbali. Lisilobishaniwa sana ni tabia yake: punje ndogo, mazao machache na kafeini kidogo.

Inavyotengenezwa ni kazi ya mikono mwanzo hadi mwisho. Matunda huchumwa, huanikwa juani mpaka yakauke, hutwangwa kinuni ili maganda yatoke, hupepetwa, hukaangwa kwenye chungu au kikaango, kisha hutwangwa tena kuwa unga. Shirika la Slow Food lenye makao Italia limeiingiza kahawa ya Ibo katika orodha ya vyakula vya asili inavyovisaidia vilindwe visipotee, na watalii waliofika kisiwani waliinunua kama zawadi ya kupeleka kwao.

Basi mwenye mbuni uani ana swali lake, gumu kuliko la karani wa Palma. Je, ainywe kahawa yake kazini, au aiuze kwa mgeni kwa bei nzuri, kisha anunue kopo la bei nafuu? Kwa hesabu ya sokoni, jibu ni kuuza. Gramu 250 za kahawa adimu zinazouzwa kwa mtalii zinaweza kununua kahawa nyingi zaidi ya kawaida, na fedha ikabaki. Hakuna aibu katika hilo. Mvuvi naye huuza changu na kula dagaa.

Lakini soko hilo linategemea wageni, na wageni huwa wa kwanza kukimbia mahali penye bunduki. Tangu mapigano yaanze, utalii wa visiwa vya Kirimba umeyumba vibaya. Mnunuzi asipokuja, kahawa iliyotunzwa kwa ajili yake hupoteza harufu kwenye unyevu wa pwani. Hapo busara inageuka: buni iliyokauka vizuri na isiyokaangwa huvumilia miezi mingi, ila iliyokwisha kusagwa huanza kuchuja ladha ndani ya wiki chache. Mwenye mbuni ahifadhi buni kwa ajili ya soko, akaange kidogo kidogo kwa ajili ya kazini. Na ajue kwamba kafeini yake ni ndogo. Ni kahawa ya mazungumzo ya jioni zaidi kuliko ya kumkesheza mlinzi wa usiku.

Kupika bila mashine

Hakuna haja ya mashine ya umeme, hasa mahali ambapo umeme wenyewe hukatika. Sufuria na kitambaa safi cha kuchujia vinatosha. Maji yachemshwe kwanza mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja au zaidi. Hilo si suala la ladha tu. Kipindupindu kimeshatokea mara kadhaa Cabo Delgado, ikiwemo wiki zilizofuata kimbunga Kenneth, na maji yaliyotokota huua vimelea vyake. Mfanyakazi anayekunywa kahawa iliyopikwa vizuri amekunywa maji salama, mradi kikombe nacho kimeoshwa kwa maji safi.

Maji yakishatokota, weka tangawizi iliyopondwa kama ipo, kisha unga wa kahawa. Acha yapande, epua kabla hayajamwagika, rudisha mara moja, kisha acha dakika tano mashapo yatuame. Chuja, tia kwenye chupa. Sukari ni heri iwekwe pembeni kila mtu ajitilie, maana ndiyo inayokwisha upesi kuliko kahawa. Penye visima vya maji ya chumvichumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za pwani na visiwani, maji ya mvua yaliyokingwa hutoa kahawa bora zaidi.

Zipo kazi ambazo moto wake tayari unawaka. Mwoka mikate ana tanuri, mkausha samaki ana jiko la moshi, fundi chuma ana mkaa. Kisiwani Ibo, ndani ya ngome ya São João Batista iliyojengwa na Wareno mwaka 1791, mafundi wa fedha wamekuwa wakifua mikufu na hereni kwa zana za mkono. Kwenye kazi za namna hiyo, gharama ya kuchemsha birika moja zaidi inakaribia kuwa hakuna. Anayeweza kukaa mbali na moto lakini karibu na jirani mwenye moto naye ana pa kuanzia: apeleke maji na unga, na waliokaa kwenye moto wapate kikombe chao.

Na mwenye kibanda je?

Kuna upande wa pili wa hesabu hii ambao mara nyingi husahauliwa. Kila kikombe kinachopikwa ofisini ni kikombe ambacho mama wa kibandani hakukiuza. Kibanda cha chai na kahawa, ambacho Msumbiji huitwa barraca kama vibanda vingine vya biashara, ni miongoni mwa biashara chache ambazo mtu aliyepoteza kila kitu anaweza kuianza: jiko, birika, vikombe kadhaa na benchi. Haihitaji cheti wala chumba. Kwa aliyerudi Mocímboa da Praia akakuta nyumba imeungua, benchi hilo linaweza kuwa ndilo chumo pekee la watoto wanne.

Tena kibanda hakiuzi kahawa peke yake. Kwenye pwani yote ya Waswahili, kutoka Lamu na Mombasa mpaka Jaws Corner katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kahawa chungu ni sababu ya kukaa. Pale ndipo habari za kazi zinaposikika, ndipo msiba unapotangazwa, ndipo mgeni anapotambulika kuwa mtoto wa nani. Katika miji iliyosambaratishwa na vita, mahali pa watu kutazamana usoni na kusalimiana pana thamani isiyoandikwa kwenye daftari la matumizi. Mfanyakazi anayejifungia na chupa yake ameokoa fedha, ila huenda amepoteza habari.

Ndiyo maana suluhisho si kuhama kibanda kwa mkupuo. Ipo njia ya kati. Kikundi cha wafanyakazi wanane kinaweza kukubaliana na mwenye kibanda awajazie chupa mbili kila asubuhi kwa bei ya jumla, wakalipa kwa wiki. Wao wanapata punguzo na kuepuka adha ya mkaa na kuosha sufuria. Yeye anapata mauzo ya uhakika kabla hata hajapanga benchi, na anajua anunue buni kiasi gani. Njia nyingine ni kupika kahawa ya asubuhi kazini na kuacha ya jioni iwe ya kibandani, wakati ambapo mtu hanunui kinywaji tu bali pia kampani. Kikombe kimoja kwa siku badala ya viwili kinakata nusu ya gharama, na benchi linabaki na watu.

Mto mmoja, sokoni kumoja

Mambo haya ya birika yanagusa pia mipaka. Tanzania na Msumbiji zote ni wanachama wa SADC, jumuiya iliyozindua eneo huru la biashara mwaka 2008 na kukipokea Kiswahili miongoni mwa lugha zake rasmi mwaka 2019. Mbinga inalima, Bukoba inasindika, na watu wa pande zote mbili za Ruvuma wanaelewana kwa lugha moja. Kivuko cha Kilambo, mkoani Mtwara, kipo kwenye njia ya kuelekea Palma, na Daraja la Umoja kati ya Mtambaswala na Negomano limekuwepo tangu mwaka 2010. Kwa ramani, kahawa ya Tanzania haina safari ndefu kufika kwenye kikombe cha fundi wa Palma, na kahawa adimu ya Ibo nayo haina safari ndefu kufika kwenye hoteli za Dar es Salaam na Zanzibar.

Kinachoipandisha bei njiani ni barabara, usalama na karatasi. Mfanyabiashara mdogo anayevuka na katoni mbili za kahawa mgongoni hapati nafuu ya mkataba ambao hajui namna ya kuutumia. Siku taratibu za mpakani zitakapokuwa nyepesi kwa katoni mbili kama zilivyo kwa kontena, bei ya kopo itashuka kwa mnywaji wa Mocímboa da Praia, na hapo hata mwenye kibanda atapata unafuu, kwa kuwa naye hununua kahawa ile ile.

Mpaka siku hiyo ifike, kilicho mikononi mwa mfanyakazi ni kuhesabu. Achukue karatasi, kwa mwezi mmoja aandike kila kikombe alichonunua na bei yake. Mwisho wa mwezi ajumlishe, na pembeni aandike bei ya kopo moja, nusu kilo ya sukari na fungu lake la mkaa. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayomwambia kama anunue birika, kama azungumze na wenzake kuhusu zamu, au kama amwendee mama wa kibandani na chupa mbili tupu mkononi wakaelewane bei.